Hariri, zari na maji ya kisima: nani alizifua nguo za mabibi zetu?



Kila msimu wa harusi ukipita, mifuko huanza kuingia dukani kwetu. Mmoja ana gauni la nikaha lenye doa la hina kwenye pindo. Mwengine ana nguo ya hariri aliyopewa na mama mkwe, imekaa ndani ya nailoni miezi minane na sasa ina manjano mabegani. Mwengine haji na doa la kuonekana, anakuja na lebo. Imeandikwa drai klini peke yake, nguo imeingia damu, na yeye anataka kuisalia. Huuliza kwa sauti ya chini: "Dada, nikiipeleka huko itarudi twahara?"

Maswali haya tumekuwa tukiyajibu moja moja pale pale kwenye meza ya kukatia. Safari hii tumeona turudi nyuma kidogo. Wanawake wa Unguja walivaa hariri, atlasi na zari muda mrefu kabla mji huu haujaona mashine ya kufulia, sabuni ya unga wala pasi ya umeme. Jua lilikuwa hili hili na jasho hili hili. Nguo zao zilifuliwa na nani, kwa maji gani, na walijua nini?

Tuanze Mtoni. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844. Aliondoka Unguja 1866, akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Maisha yake ya baadaye yana mjadala wake na hatuuingii hapa. Tunachokihitaji ni macho yake, kwa sababu wageni wengi walioandika kuhusu Unguja ya wakati ule walikuwa wanaume, na mwanamme hakuingia ndani kuona sanduku la nguo la mtu. Salme aliona. Anaeleza kanzu, suruali, barakoa, vito na manukato kama anavyoeleza mtu aliyevaa. Anagusa na ufuaji pia: nguo zilifuliwa kila siku, zikakauka upesi juani, zikanyooshwa bila ya kupigwa pasi, zikawekwa.

Kwa sisi mafundi maneno hayo machache yana mengi ndani yake. Kufua kila siku maana yake jasho halikupewa nafasi. Jasho bichi ni chumvi na maji, hutoka kwa maji matupu. Likilala wiki kwenye hariri huanza kula uzi na kubadilisha rangi, na hapo hakuna sabuni ya kulirudisha. Manjano ya kwapani tunayoletewa mengi ni ya namna hiyo: nguo ilivaliwa usiku mmoja, ikaning'inizwa kabatini "tutaifua tukipata nafasi". Na kunyoosha bila pasi maana yake nguo ilivutwa kwa mikono ikiwa na unyevu, ikakunjwa kwa mpangilio. Hariri hufa kwa pasi ya moto kuliko inavyokufa kwa kuvaliwa.

Lakini mikono hiyo ilikuwa ya nani? Ilikuwa mikono ya watumwa wa kike. Hili tusilipite haraka. Ujuzi mkubwa wa kutunza nguo laini katika visiwa hivi ulikaa kwa wanawake ambao hawakuruhusiwa kuvaa nguo zile. Wao walivaa merikani au kaniki, vichwa wazi, miguu mitupu, ili yeyote akipita njiani ajue nani ni nani. Mwanamke alijua uzito wa atlasi ikiwa mbichi, alijua rangi gani inachuja na ipi haichuji, alijua kuitoa shanga iliyolegea kabla haijaanguka majini, na jina lake hakuna kitabu kilicholiandika. Tunapofungua makasha ya njumu na kusifu "nguo za bibi", sifa ya nusu ni ya mtu mwengine.

Sasa maji. Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingi vya mjini ni magumu, mengine yana chumvi kabisa. Anayefua kwa maji hayo anajua: sabuni haitoi povu, inaganda kama maziwa yaliyokatika, na ule mgando unabaki ndani ya nyuzi. Kwenye khanga hauoneki sana. Kwenye hariri nyeusi utauona kama vumbi la kijivu lisilopanguswa. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta maji ya mabomba mjini kutoka chemchemi ya upande wa kaskazini, na athari za mfereji wake bado ziko njia ya Bububu. Kabla ya hapo maji yalichotwa visimani na kubebwa vichwani, kila ndoo kwa shingo ya mtu. Kwa hivyo hata suuza ya tatu ilikuwa na gharama yake.

Yapo maji mengine yasiyo na chumvi wala chokaa, nayo ni ya mvua. Sisi hadi leo tunakinga pipa wakati wa masika, na suuza ya mwisho ya hariri tunaifanya kwa maji hayo. Kama huna, tone la siki nyeupe kwenye beseni la mwisho huondoa ule ukungu wa sabuni na kurudisha mng'aro. Usitie nyingi, nguo isije ikanuka achari.

Na sabuni nayo? Nchi ya minazi haikosi sabuni ya mafuta ya nazi, na sabuni hiyo ina sifa moja: inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi, ndiyo maana mabaharia waliipenda. Kwa pamba ni nzuri sana. Kwa hariri ni kali. Uhindi walikuwa na dawa yao, ritha, tunda dogo la mti ambalo maganda yake yakirowekwa hutoa povu la upole, na kwa karne nyingi walifulia hariri na shali za sufi za Kashmir. Ukiipata, tumia. Usipoipata, shampuu ya mtoto inafanya kazi karibu hiyo hiyo, kwa sababu nywele na hariri zote mbili zimetoka kwenye kiwiliwili cha kiumbe, na kinachoua moja huua nyengine.

Tumetaja merikani. Shuka hii nzito isiyopaushwa ilipata jina lake kwa sababu ililetwa na Wamarekani, wengi wao wafanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts. Sayyid Said aliwekeana nao mkataba wa biashara mwaka 1833, na 1837 konsuli wao, Richard Waters, alifika Unguja. Wanawake wa mwambao waliikubali kwa sababu ilistahimili kufuliwa. Viwanda vya Uingereza wakati ule vilikuwa na tabia ya kujaza kanji na udongo mweupe ndani ya pamba ili iwe nzito mkononi mwa mnunuzi, na ukiitia majini mara ya kwanza unabaki na chandarua. Maji hayadanganywi. Hata leo mtu akituletea kitambaa cha mita nyingi tumshonee, tunakata kipande kidogo, tunakiloweka usiku mzima, tunakipima asubuhi. Wapo wauzaji wasioupenda mtindo wetu huu. Shauri yao.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata merikani, na nguo za Uingereza na Bombay zikajaza nafasi. Mwisho wa karne hiyo ndipo khanga ikaingia. Inasimuliwa kwamba wanawake walikuwa wakinunua leso za mraba zilizokuja kwa jora, wakazikata na kuziunga sita sita kuwa vazi moja, mpaka wafanyabiashara wakaamua kuzichapisha zikiwa nzima.

Tarehe ya kuikumbuka hapa ni 6 Aprili 1897, siku hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria Unguja na Pemba. Sheria ile haikuwagusa masuria, wao walisubiri hadi 1909. Lakini katika miaka iliyofuata, huko Ng'ambo, wanawake waliokuwa wakivaa kaniki waliiacha. Walivaa khanga za rangi, baadaye wakavaa buibui, wakafunika vichwa vyao kama Waislamu wengine. Tunaopenda khanga tunazungumza sana juu ya jina lililoandikwa, nani kamsema nani. Mara chache tunakumbuka kwamba kwa wengine khanga ilikuwa nguo ya kwanza ya thamani waliyoifua ikiwa ni yao wenyewe.

Kwa upande wa khanga tuna ugomvi mdogo na wazee wetu, Mungu awarehemu. Walituambia turoweke khanga mpya kwenye maji ya chumvi ili rangi ishike. Chumvi humsaidia mpaka rangi kiwandani, wakati rangi inaingia kwenye uzi. Rangi iliyokwisha kupakwa vibaya haiokolewi na chumvi ya jikoni. Kinachosaidia ni maji baridi, kufuliwa peke yake mara mbili tatu za mwanzo, na kuanikwa kivulini kwa upande wa ndani.

Baadaye kazi ya kufua ikapata jina la Kihindi. Dobi ni neno lililokuja na biashara yenyewe kutoka Bara Hindi, na kwa miaka mingi dobi wa mjini alikuwa ndiye bwana wa nguo nyeupe: kanzu, shuka, sare. Alikuwa na jiwe lake la kupigia, bluu ya kuficha unjano, kanji ya kukausha kola, na pasi ya mkaa iliyopepewa mlangoni. (Kanji wengine huiita wanga. Sisi neno hilo tunawaachia wachawi.) Kofia za mkono nazo zina ufuaji wake wa kanji, lakini hilo tutaliandika siku yake.

Jiwe la dobi ni zuri kwa pamba, kwa sababu pamba ikirowa huwa na nguvu zaidi. Hariri ni kinyume: ikirowa hudhoofika. Ndiyo maana nguo za hariri na zari hazikutoka nje ya nyumba. Zilifuliwa ndani, na wanawake, kwenye chano au beseni, bila kusuguliwa wala kukamuliwa. Zilibonyezwa ndani ya taulo au shuka kavu mpaka maji yatoke. Na kwa kuwa dini imewakataza wanaume wetu hariri safi na ikaturuhusu sisi, elimu ya kuitunza ilikuwa ya kike tangu asili. Ipo Hadithi mashuhuri ya Sayyidna Ali aliyepewa vazi la hariri na Mtume, rehma na amani zimshukie. Alipolivaa akaona ghadhabu usoni mwa Mtume, basi akalikata na kuligawa kwa wanawake.

Hapo sasa tumfikie yule dada wa sauti ya chini.

Drai klini si jambo la juzi. Mwaka 1821 fundi cherehani mmoja wa New York, Thomas Jennings, alipewa hataza ya njia yake ya kusafisha nguo bila ya kuzifua kama kawaida. Alikuwa mtu mweusi aliyezaliwa huru, na anatajwa kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata hataza. Wateja walimletea nguo za thamani alizoogopa kuzitia majini, kama sisi. Alichokipata kwenye kazi hiyo alikitumia katika harakati za kuupinga utumwa. Njia yake yenyewe hatuijui: karatasi zake ziliungua katika moto wa ofisi ya hataza mwaka 1836. Kisha Paris, katikati ya karne hiyo, inasimuliwa kwamba mtumishi wa kike alimwaga mafuta ya taa kwenye kitambaa cha meza, na tajiri wake, Jean-Baptiste Jolly, akaona pale palipomwagika pametakata. Jina la Jolly limebaki, la mtumishi halikubaki. Kuanzia miaka ya 1930 kimiminika kilichotawala kazi hii ni cha kemikali iitwayo pakloroethilini. Huyeyusha mafuta vizuri na haitanui uzi. Imethibitika pia kuwa na madhara kwa afya, na mwishoni mwa 2024 Marekani ilipitisha kanuni ya kuiondoa hatua kwa hatua kwenye drai klini. Nguo ikirudi na harufu kali, itoe kwenye nailoni, iachie upepo siku nzima kabla hujaiingiza chumbani mwa kulala.

Kwa hivyo "kavu" maana yake ni kwamba hakuna maji. Na hapo ndipo penye swali. Katika madhehebu ya Shafi'i, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, najisi huondolewa kwa maji twahara, si kwa kimiminika chengine hata kikiitoa alama yote. Wanavyuoni wa Hanafi wana wasaa zaidi hapa, wanakubali kimiminika kisafi chenye kuiondoa. Ukiwa na shaka muulize shekhe wako, sisi ni mafundi. Lakini njia iliyo salama ni rahisi, na ni ya zamani kuliko drai klini zote. Bibi Asma binti Abubakar amepokea kwamba mwanamke mmoja alimuuliza Mtume, rehma na amani zimshukie, afanyeje damu ya hedhi ikimwingia nguoni. Akaelekezwa aikwangue, aisugue kwa maji, aisuuze, kisha aisalie. Halikuwa swali la aibu, liliulizwa na kujibiwa wazi, na limetufikia baada ya miaka 1,400.

Fanya basi hivi. Kabla ya kuipeleka nguo popote, itoe najisi mwenyewe pale ilipo. Tandaza sehemu ile tu juu ya beseni tupu, mimina maji baridi kidogo kidogo, bonyeza kwa kidole kutoka upande wa ndani, mimina tena mpaka yapite safi. Maji ya moto usiyakaribie, yanaipika damu ikashika. Na usiitumbukize nguo kwenye beseni la maji machache, kwani fiqhi yetu inataka maji yaijie nguo, si nguo iyaendee maji. Tukiwaona watu wazima wakimimina kwa kata tulidhani ni uchumi wa maji. Kumbe ndani yake mlikuwa na sheria, na ikawa hiyo hiyo ndiyo njia bora kwa kitambaa laini. Ikibaki alama hafifu baada ya juhudi, fiqhi imeisamehe. Baada ya hapo drai klini, kama unaitaka, ni kwa ajili ya mafuta, vumbi na mng'aro.

Mara nyingi hutaihitaji. Magauni mengi tunayouziwa kwa jina la hariri ni poliesta, uzi uliobuniwa na Whinfield na Dickson nchini Uingereza mwaka 1941, na poliesta haiogopi maji. Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uuchome. Hariri hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika. Poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Kinachofanya lebo iandike drai klini mara nyingi ni bitana, au mawe yaliyogandishwa kwa gundi. Na gundi hiyo, mashoga, huweza kuyeyuka na ile dawa ya drai klini pia. Tumeletewa gauni lililorudi bila nusu ya mawe yake na dobi akiapa kwamba lilikuja hivyo. Waulize kabla hujawapa, na uyahesabu mawe mbele yao.

Hina ni habari nyengine. Hina hushika hariri kama inavyoshika mkono wako, kwa sababu ile ile. Ikishakauka haitoki. Bi harusi na akae na kanga ya zamani mpaka rangi imalize kabisa, aliyekuja kumpamba asimwambie "inatosha" saa moja kabla ya nikaha.

Zari ya kweli ina fedha ndani yake, na fedha husawijika. Moshi wa udi, atari na unyevu vinaiharakisha. Hatusemi msifukize, nani ataolewa Unguja bila udi? Fukizeni siku ya kuvaa, nguo ikiwa juu ya tenga na chetezo chini mbali kidogo, si usiku wa kuifungia sandukuni. Vikuba vya asmini vivaeni shingoni na kichwani, msivilaze ndani ya nguo, petali ikioza huacha doa la kahawia.

Kuweka ni hivi. Nguo iwe safi na kavu kabisa. Tafuta bafta nyeupe iliyokwisha kufuliwa mara kadhaa ikaisha kanji, uiviringe humo, zari isigusane na zari. Nailoni itupe, ndiyo inayofungia unyevu na kuleta ukungu na manjano. Karafuu chache kwenye kifuko cha kitambaa, pembeni, zisiguse nguo. Kila baada ya miezi mitatu minne ifungue, ipigwe na upepo kivulini, uikunje kwa mikunjo tofauti na ya mwanzo, maana hariri hukatika pale ilipokunjwa muda mrefu.

Dukani kwetu siku hizi tunaandika karatasi kwa kila gauni linaloondoka: kitambaa gani, bitana gani, shanga zimeshonwa au zimegandishwa, rangi inachuja au haichuji. Chini tunaacha mistari mitupu ya kujazwa nyumbani, imefuliwa lini, kwa maji gani, na jina la aliyeifua.